Ndui ya Tabora na siri ya mwili wako: seli za kinga zinajifunzaje kuua?

Novemba 1857, Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kazeh, mji wa wafanyabiashara ambao leo tunauita Tabora. Walikuwa wametembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Walipokelewa vizuri, wakapewa nyumba na chakula. Lakini mji wenyewe ulikuwa na mgeni mwingine aliyekaa muda mrefu kuliko wote: ndui.

Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1860, Burton alieleza kwamba ndui ilikuwa haijaondoka Kazeh kwa miaka. Muda mfupi kabla hawajafika, watumwa 52 kati ya 800 walikufa ndani ya mwezi mmoja. Yaani karibu mtu mmoja kati ya kila 15, kwa mwezi mmoja tu.

Kwenye maelezo hayohayo kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Burton anasema Waarabu wa huko walikuwa wameanza kuwachanja watu. Walichana ngozi ya paji la uso, katikati ya nyusi, kisha wakaingiza usaha kutoka kwa mgonjwa wa ndui.

Ukisikia leo unashtuka. Unamwekea mtu mzima ugonjwa kwa makusudi? Lakini njia hiyo ilitumika pia Asia, Ulaya na sehemu nyingine za Afrika, kwa sababu watu walikuwa wameona inasaidia. Hakuna aliyejua inasaidiaje.

Leo tunajua. Jibu liko kwenye kundi la seli ambazo kazi yake ni kuua seli za mwili wako mwenyewe pale zinapovamiwa na virusi. Makala hii inaeleza zinavyoijua kazi hiyo, na kwa nini somo la Tabora bado linakuhusu wewe unayesoma kwenye simu.

Kwa nini ndui iliipenda Tabora

Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, eneo ilipo Tabora. Hapo iligawanyika. Wengine walikwenda magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wengine walipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda.

Kwa lugha ya leo, Tabora ilikuwa stendi kuu. Pembe za ndovu na watumwa walishushwa pwani. Nguo, shanga na bunduki zilipandishwa bara. Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000.

Kirusi cha ndui kilikuwa na udhaifu mmoja: hakikuweza kujificha kwa mnyama. Kiliishi kwa binadamu tu, hivyo kilihitaji mtu mpya kila mara. Msafara ulikipa watu wapya kila siku.

Kingine ni muda. Mtu akishaambukizwa ndui, alikaa siku 7 hadi 19 kabla ya kuumwa. Kwa mpagazi hizo ni kambi kadhaa za safari. Aliondoka mzima, akafika mji mwingine na homa, kisha upele.

Burton aliwaona wagonjwa njiani wakijikongoja na kupepesuka, wengine macho hayaoni tena. Aliona kina mama wamebeba watoto mgongoni, mama na mtoto wote wana ndui. Waliofungwa minyororo na wapagazi wenye njaa ndio walioumia zaidi.

Kwa jumla, aina kali ya ndui iliua watu 3 hivi kati ya kila 10 walioipata. Wale 7 waliopona walibaki na makovu usoni, na wengine upofu. Lakini walibaki pia na kitu kisichoonekana: karibu wote hawakuugua tena ndui maisha yao yote. Miili yao ilikuwa imejifunza.

Adui yuko ndani ya nyumba

Ili uelewe somo lenyewe, anza na tatizo. Bakteria wengi huzunguka nje ya seli, kwa hiyo ulinzi wa mwili unaweza kuwakamata barabarani. Kirusi ni tofauti. Peke yake hakiwezi kuzaliana. Lazima kiingie ndani ya seli yako, kiteke mitambo yake, na kuilazimisha itengeneze nakala zake kwa maelfu.

Wengi tumesikia kuhusu kingamwili. Hizo ni protini zinazoelea kwenye damu na majimaji ya mwili, zinakishika kirusi kikiwa nje na kukizuia kisiingie. Kazi nzuri. Ila kirusi kikishaingia ndani ya seli na kufunga mlango, kingamwili nyingi haziwezi kukifuata humo.

Hapo inabaki njia moja: kuivunja nyumba adui akiwa ndani, kabla hajatoa nakala zake. Yaani kuua seli yako mwenyewe.

Kazi hii hufanywa na seli nyeupe za damu zinazoitwa seli T uaji. Na hapa ndipo hatari ilipo. Zikikosea zikaua seli nzima, unaumwa kwa mikono ya walinzi wako mwenyewe. Zikizembea, virusi vinakumaliza. Zinajuaje nyumba ipi ina adui?

Kila seli huweka sampuli mlangoni

Mwili una utaratibu wa ajabu. Karibu kila seli yako hukatakata sehemu ya protini inazotengeneza kuwa vipande vidogo, kisha huvipandisha hadi kwenye ukuta wake wa nje. Vipande hivyo hushikiliwa na protini maalumu zinazoitwa HLA, ambazo hufanya kazi kama sinia.

Fikiria muuza mchele sokoni. Gunia limefungwa, lakini juu ameweka kisahani cha mchele ili mteja aone kilichomo. Seli nazo hufanya hivyo: kilichopo ndani, sampuli yake iko nje.

Seli nzima inaonyesha vipande vya kawaida. Seli yenye ndui inaonyesha pia vipande vya ndui, kwa sababu kirusi kinatumia mitambo ileile. Seli T uaji hupita seli moja baada ya nyingine, inagusa sinia, inakagua, inasonga mbele.

Siri hii ilifumbuliwa na Peter Doherty na Rolf Zinkernagel, waliokuwa wakifanya kazi pamoja Canberra, Australia, kwenye miaka ya 1973 na 1974. Walichukua seli uaji kutoka kwa panya aliyepambana na kirusi. Seli hizo ziliua seli zenye kirusi za panya wa ukoo wake. Walipoziwekea seli za panya wa ukoo mwingine, zenye kirusi kilekile, haziku­ua.

Maana yake, seli T uaji haisomi kirusi peke yake. Inasoma mambo mawili kwa pamoja: kipande cha kirusi na sinia ya mwenye mwili. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Shule ya kwanza: nyuma ya mfupa wa kifua

Seli T huzaliwa kwenye uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa. Zikiwa bado changa husafiri hadi kwenye tezi moja iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, juu kidogo ya moyo. Tezi hiyo inaitwa thaimasi. Kwa muda mrefu madaktari waliidhani haina kazi ya maana, mpaka Jacques Miller alipoonyesha mwaka 1961 kwamba panya wachanga wakiondolewa thaimasi wanakosa kinga.

Ndani ya thaimasi kila seli changa hujitengenezea kipokezi chake, yaani mkono wa kushikia sinia. Hutengenezwa kwa kuchanganya vipande vya vinasaba kwa bahati nasibu, kama mtu anayechanganya karata. Matokeo yake ni mamilioni ya mikono tofauti. Mmoja unaweza kushika kipande cha surua, mwingine cha mafua, mwingine cha kirusi ambacho hakijawahi kutokea duniani.

Kisha unakuja usaili wenye maswali mawili.

Swali la kwanza: unaweza kusoma sinia za HLA za mwili huu? Seli isiyoweza haina faida, inaachwa ife.

Swali la pili: unashika kwa nguvu vipande vya mwili wenyewe? Inayoshika ni hatari, kwa sababu kesho itashambulia ini au kongosho. Nyingi za namna hiyo huuawa palepale.

Usaili huu hauna huruma. Zaidi ya seli 95 kati ya kila 100 hazitoki. Zinazofaulu ni zile zenye uwezo wa kusoma lakini zisizo na ugomvi na mwenye mwili. Chache zenye ugomvi hupenya, na ndiyo maana kuna seli nyingine T zenye kazi ya kutuliza. Utafiti kuhusu hizo za kutuliza ulipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025.

Thaimasi hufanya kazi sana utotoni, kisha huanza kusinyaa taratibu. Mtoto anayekosa lishe kwa muda mrefu, tezi hii husinyaa kabla ya wakati. Ndiyo sababu mojawapo ya utapiamlo na maambukizi kwenda pamoja, kwenye misafara ya karne ya 19 na hata leo.

Ngoja kwanza: kumbe hazifundishwi?

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulielewa kinyume. Tunasema seli "zinajifunza", na tunapata picha ya mwalimu anayeiambia seli: hiki ndicho kirusi cha ndui, kiangalie vizuri. Haiko hivyo.

Seli inayoweza kuitambua ndui ilikuwepo mwilini kabla ndui haijafika. Ilitoka thaimasi na mkono wake, ikazunguka kwenye damu miaka na miaka bila kazi. Tatizo ni idadi. Kwa kipande kimoja cha kirusi, seli zenye mkono unaofaa ni chache mno, pengine moja kati ya laki kadhaa.

Kwa hiyo mwili haumfundishi mjinga. Unamtafuta yule mmoja anayejua tayari, unamzidisha awe jeshi, halafu unahakikisha hasahauliki. Kujifunza kwa kinga ni kuchagua.

Shule ya pili: kwenye mitoki

Turudi Kazeh, kwa yule aliyechanwa katikati ya nyusi. Usaha umeingia kwenye ngozi. Nini kinafuata?

Ngozi imejaa seli za upelelezi, ambazo wataalamu huziita seli dendriti. Ralph Steinman alizieleza mwaka 1973 na akapewa Nobel mwaka 2011. Zina matawi kama mti, na kazi yake ni kunusa hatari. Zikikutana na kirusi humeza vipande vyake, huondoka kwenye ngozi na kusafiri hadi kwenye tezi za limfu zilizo karibu.

Tezi hizo unazifahamu. Ukiwa na kidonda mguuni unaona vivimbe vinauma kwenye kinena. Ukiwa na jipu mkononi, vinatokea kwapani. Ndiyo mitoki. Watu huiogopa, lakini mara nyingi ni dalili kwamba darasa limeanza.

Ndani ya tezi, seli ya upelelezi husimama na sinia zake. Seli T zinapita kwa maelfu, kila moja inajaribu mkono wake. Nyingi zinapita tu. Mpaka ipite ile moja ambayo mkono wake unakaa sawasawa.

Hata hapo haianzi kuua. Inahitaji mambo matatu:

- Mkono uwe umeshika kipande cha kirusi kwenye sinia.
- Seli ya upelelezi ithibitishe kwamba kweli kuna hatari, kwa ishara nyingine juu ya ukuta wake.
- Yapatikane maagizo ya kemikali, mengine kutoka kwenye seli T saidizi, ambazo ni kama makamanda.

Ikishika kipande bila uthibitisho, mara nyingi seli T huzimwa. Ni kufuli la usalama: kinga isilipuke kwa kosa dogo.

Yakitimia yote matatu, seli ile moja inagawanyika. Mbili, nne, nane, kumi na sita. Ndani ya wiki moja inaweza kuwa maelfu mengi, zote na mkono uleule. Sasa zimejaza silaha, zinaingia kwenye damu na kuelekea kulikochanwa.

Hiyo wiki ndiyo kitendawili cha kila ugonjwa mpya wa virusi. Kirusi hakisubiri darasa limalizike. Ni mbio: nani atazaliana haraka zaidi?

Namna zinavyoua

Seli T uaji ikifika kwenye seli yenye kirusi hujibana nayo kabisa. Katikati yao panabaki nafasi ndogo iliyozibwa, ili silaha zisimwagikie majirani.

Kisha inatoa protini mbili. Ya kwanza, perforini, hutoboa ukuta wa seli. Ya pili, granzaimu, hupita kwenye matundu hayo na kuamsha ndani ya seli mpango wa kujiua ambao kila seli inazaliwa nao.

Seli haipasuki ovyo. Inasinyaa, inakatakata vinasaba vyake pamoja na vya kirusi, inagawanyika kuwa vifurushi vidogo. Seli za usafi huja kuvimeza. Kirusi hakipati nafasi ya kumwagika.

Muuaji hajiui. Anajibandua, anakwenda kwa seli nyingine.

Virusi navyo ni wajanja. Vingine huilazimisha seli ishushe sinia zote, ili ukaguzi ukute meza tupu. Mwili una jibu: seli nyingine zinazoitwa seli uaji za asili. Hizi haziendi shule ya thaimasi. Zinashuku mlango usio na sinia. Muuza mchele aliyeficha kisahani anaulizwa maswali.

Baada ya vita: kumbukumbu

Virusi vikiisha, jeshi lote halihitajiki. Seli nyingi T hufa ndani ya wiki chache. Zinabaki kidogo, kama 5 hadi 10 kati ya kila 100. Hizi ndizo seli kumbukumbu.

Adui akirudi, mwili hautafuti tena seli moja kati ya malaki. Kuna maelfu, ziko macho, na nyingine zimekaa kwenye ngozi na mapafu zikisubiri. Jibu linakuja haraka, na pamoja na kingamwili zilizobaki, mara nyingi unaweza usijue hata kama uliambukizwa.

Kumbukumbu hudumu kiasi gani? Watafiti wa Oregon, Marekani, walichapisha mwaka 2003 matokeo ya kuwapima watu waliochanjwa ndui zamani. Walikuta seli T zinazoitambua bado zipo hata kwa waliochanjwa miaka 75 kabla. Zilipungua polepole, nusu kila baada ya miaka 8 hadi 15, lakini hazikuisha.

Sasa unaelewa manusura wa ndui wa Tabora. Na unaelewa kilichofanyika kwenye paji la uso: mwili ulipewa adui kupitia ngozi, mahali penye wapelelezi wengi, darasa likaanza. Kwa ujumla, waliochanjwa kwa usaha sehemu mbalimbali za dunia walikufa 1 au 2 kati ya 100, badala ya 30.

Lakini usisahau hizo moja au mbili. Ilikuwa ndui halisi, si kivuli chake. Aliyechanjwa aliweza kufa, na aliweza kuwaambukiza wengine. Katika mji wa misafara, hilo halikuwa jambo dogo.

Kutoka usaha hadi sifuri

Mwaka 1796, daktari Mwingereza Edward Jenner alitumia ndui ya ng'ombe badala ya ndui ya watu. Ni ndugu mpole wa kirusi kilekile. Vipande vyake vinafanana kiasi kwamba jeshi lililozidishwa dhidi ya mmoja linamtambua na mwingine. Mwili ukapata somo bila hatari ileile.

Chanjo ya ndui iliyotokana na wazo hilo ilisambazwa dunia nzima. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliongeza nguvu ya kampeni kuanzia mwaka 1967. Mgonjwa wa mwisho kuipata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipona. Baadaye alizunguka nchini kwake kuwahimiza wazazi wachanje watoto dhidi ya polio.

Mei 8, 1980, ndui ilitangazwa kutokomezwa. Ni ugonjwa pekee wa binadamu uliofutwa kabisa duniani.

Kwa nini hii inakuhusu leo

Ndui ilipoisha, chanjo yake iliachwa. Ilikuwa uamuzi wa busara, kwani chanjo ile ya zamani nayo ilikuwa na madhara kwa watu wachache. Lakini ulikuwa na gharama yake: kila aliyezaliwa baada ya hapo hana jeshi hilo.

Muulize bibi au babu aliyezaliwa miaka ya 1950 au 1960. Huenda ana kovu la chanjo ya ndui mkononi. Usilichanganye na la BCG, chanjo ya kifua kikuu ambayo watoto wanapata hadi leo. Nyuma ya kovu lile la ndui, seli kumbukumbu zinaweza kuwa bado zipo kazini.

Hapo ndipo inapoingia mpox. Kirusi chake ni cha ukoo mmoja na ndui, na mgonjwa wa kwanza wa kibinadamu alitambuliwa Kongo mwaka 1970. Takwimu za Kongo za miaka ya 1980 zilionyesha kwamba chanjo ya ndui ilizuia mpox kwa kama asilimia 85. Kadiri waliochanjwa wanavyozidi kuwa wachache, kirusi kinakuta milango wazi zaidi.

Agosti 2024, WHO ilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa baada ya aina mpya kuenea kutoka mashariki mwa Kongo. Machi 2025, Tanzania ilitangaza wagonjwa wake wawili wa kwanza. Mmoja alikuwa dereva wa magari ya mizigo aliyetoka nchi jirani akielekea Dar es Salaam.

Wapagazi wamekuwa madereva, na njia ya miguu imekuwa lami na reli. Ila kanuni ni ileile ya mwaka 1857: kirusi kinasafiri na mizigo, kikitafuta mtu ambaye mwili wake haujasoma somo. Mpox kwa kawaida haiui kama ndui, na zipo chanjo za kisasa zilizo salama zaidi. Lakini ni kengele.

Vinavyoharibu somo

Mambo matatu yanaweza kufuta kazi yote tuliyoieleza.

*Surua.* Kirusi cha surua hushambulia seli kumbukumbu zenyewe. Mtoto anapona surua, lakini sehemu ya kumbukumbu ya magonjwa mengine imefutika. Utafiti uliotoka mwaka 2019, wa watoto wasiochanjwa nchini Uholanzi, ulikuta walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo. Ni kama daftari kuloa maji.

*VVU.* Kirusi hiki kinaua seli T saidizi, wale makamanda. Seli uaji zinabaki bila maagizo. Dawa za ARV zikimezwa kila siku bila kuruka huzuia virusi visizaliane, na makamanda hurudi kwa idadi.

*Njaa ya muda mrefu.* Jeshi linahitaji protini na nguvu ili lizidishwe. Mwili usiokula hauwezi kutengeneza maelfu ya seli kwa wiki.

Ufanye nini?

- Angalia kadi ya kliniki ya mtoto. Tanzania, chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9 na kurudiwa miezi 18. Dozi ya pili ndiyo wengi husahau, kwa sababu mtoto ameshaanza kukimbia na haendi tena kupimwa uzito.
- Mtoto akipata homa ndogo au mkono ukivimba kidogo baada ya chanjo, mara nyingi ni darasa limeanza. Homa ikiwa kali au isiposhuka, mrudishe kituoni.
- Usinunue antibaiotiki kwa mafua. Zinaua bakteria, hazigusi virusi. Dhidi ya virusi vya mafua ya kawaida, unategemea seli zako.
- Ukipata homa na upele wenye malengelenge au usaha, usiukamue na usichangie taulo wala shuka. Nenda kituo cha afya na ueleze ulikotoka.
- Mtoki usiopungua kwa wiki kadhaa, au unaokua bila kuuma, uonyeshe kwa daktari.
- Usijaribu "kuchanja" kwa usaha wa mgonjwa, kwa ugonjwa wowote. Tabora ya 1857 haikuwa na njia nyingine. Wewe unayo.

Neno lenyewe linakumbuka

Ukitaka kuona njia ya zamani, Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kuna tembe la udongo walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, sasa ni makumbusho. Wale 52 hawana nyumba ya kutembelewa. Hatujui hata majina yao.

Lakini lugha imetunza kitu. Kuchanja, kwa Kiswahili, ni kukata au kuchana, kama unavyochanja kuni au ngozi. Leo mtoto anapata matone mdomoni au sindano ya paja, hakuna anayechanwa uso. Bado tunasema amepata chanjo.

Siku moja kabla ya kwenda kliniki, mzazi anatafuta kadi chini ya godoro. Kesho yake sindano inaingia kwa sekunde mbili. Wiki inayofuata, bila mtoto kujua, seli moja kati ya malaki itakuwa imepatikana, na kuzidishwa.